Tunalinda injini, tunatupa makabati: magari-nyumba ya kale yahifadhiwe yalivyo au yafanywe ya kisasa?

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Mabishano kuhusu magari ya kale nimeyafuatilia kwa miaka mingi. Wapo wanaotaka kila nati ibaki kama ilivyotoka kiwandani, na wapo wanaotaka sura ya zamani yenye uendeshaji wa leo, lakini pande zote mbili huishia kubishania injini: ni ile ile, namba yake inalingana na ya bodi, kabureta ni yake au ya kuazima. Katika uzi huu naomba tuyahamishie mabishano hayo mahali pengine. Katika gari ambalo mtu huliendesha mchana na kulala humo humo usiku, ambalo hapa nitaliita gari-nyumba, naamini vitu vya kwanza kulindwa ni makabati, vitambaa, bawaba, sinki na madirisha, na injini ije nyuma yake. Sisi tunafanya kinyume kabisa.

Sababu yangu ni nyepesi kueleza. Chukueni Volkswagen Type 2, ambayo wengi tunaiita Kombi. Injini yake ya kupozwa kwa hewa ni ndugu wa injini ya Beetle, gari lililotengenezwa zaidi ya milioni 21 hadi mwaka 2003, na Kombi yenyewe iliendelea kutoka kiwandani nchini Brazil hadi mwaka 2013, ingawa katika miaka ya mwisho ilikuwa na injini ya kupozwa kwa maji. Vipuri vya injini hizo bado vinatengenezwa. Sasa linganisheni na samani ambazo kampuni ya Westfalia ilianza kuzifunga ndani ya Kombi mwaka 1951, zikawa zinabadilika mpangilio, mbao na rangi ya vitambaa kadiri miaka ilivyokwenda. Ukilitupa kabati la mwaka fulani, utalipata tena kwa bahati tu, kutoka gari jingine lililokwisha kufa, au utamlipa seremala akuchongee nakala.

Ndivyo ilivyo pia kwa GMC Motorhome ya Marekani, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1973 hadi 1978, idadi yake yote ikiwa chini ya 13,000. Wengi huisifu kwa injini yake ya lita 7.5 iliyotoka katika Oldsmobile Toronado na kuvuta magurudumu ya mbele, jambo lililoiwezesha kuwa na sakafu ya chini kwa kuwa hakuna shafti inayopita katikati. Sifa hizo ni za haki. Lakini Toronado zilizotoa injini hiyo zilikuwa nyingi, ilhali ndani ya GMC ile rangi ya chungwa, kijani na kahawia ya miaka ya 1970 ndiyo inayong'olewa kwanza, mara nyingi katika wiki ya kwanza baada ya gari kubadilisha mmiliki.

Kombi yangu ni ya mwaka 1974, na mimi ni shahidi wa jambo hili. Mwenye gari aliyenitangulia aliipeleka kwa fundi mmoja, ambaye alitoa makabati yote, kitanda na sinki, kisha akatoboa paa la faibaglasi ili afunge kiyoyozi. Paa likaanza kuvuja. Makabati yaliishia kuwa kuni. Siku ninayoinunua nilionyeshwa kwa fahari kubwa namba ya injini pamoja na karatasi ya kuthibitisha kwamba ni ile ile ya kiwandani, na wakati huo nilikuwa nimesimama ndani ya sanduku tupu la bati.

Tangu hapo nimejiwekea kanuni moja: nisitoboe tundu jipya. Chochote ninachoongeza kitumie bolti na tundu lililopo, na chochote kinachotoka kiandikwe tarehe, kifungwe na kuwekwa. Wazo hili sikulibuni mimi. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, lilipitisha Mkataba wa Turin mwaka 2012, na mkataba huo unataka mabadiliko yanayolazimika yawe machache, yasiharibu kile cha asili na yaweze kuondolewa baadaye. Naomba maoni yenu, hasa ya wanaoishi ndani ya magari haya na si wale tu wanaoyafuta vumbi.

#2 – Fundi Umeme

Ndugu mwanzisha uzi, kuhusu makabati nakuunga mkono, lakini kauli ya «injini ije nyuma» inanitia wasiwasi kwa sababu watu wataisoma nusu. Injini ya Kombi iko nyuma, ndani ya chumba kilichofungwa. Mipira ya mafuta ya kizamani, ile iliyofumwa kwa uzi kwa nje, hukauka na kupasuka bila kuonyesha dalili, na petroli hudondokea juu ya chuma cha moto. Kizimba cha injini ya lita 1.6 ni cha aloi ya magnesi, na magnesi ikishika moto, maji huuchochea badala ya kuuzima. Magari mengi ya aina hii yameteketea pamoja na hayo makabati tunayoyapigania.

Ongeza na mafuta yenyewe. Petroli yenye risasi imekwisha duniani kote. Nchi ya mwisho kuiuza magarini ilikuwa Algeria, iliyoacha Julai 2021. Mwaka huo huo, mwezi wa Septemba, Uingereza ilianza kuuza petroli ya kawaida yenye ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli hula mipira ya zamani na kuvuta maji. Kwa hiyo anayebakiza mpira wa mafuta wa asili, au anayeacha injini ya kale ifanye kazi ngumu bila kuwekewa vitako vigumu vya vali (vile vya zamani vilikuwa vikilindwa na risasi), anaulisha uasili mafuta ambayo haukutengenezewa. Mpira mpya ukishafungwa hakuna atakayeutambua. Na sijapata kusikia mtu aliyepewa tuzo kwa sababu ya mpira wa mafuta wa mwaka 1974.

Upande wa umeme, kanuni yako ya kutotoboa naipenda, ila naongeza kanuni ya fyuzi: kila waya mpya uwe na fyuzi yake karibu na betri, na usiunganishwe kwa kuchuna waya wa zamani katikati. Magari yenye umeme wa volti 6, kama Volkswagen nyingi za kabla ya mwaka 1967, yana nyaya nene kuliko zinavyoonekana kuhitajika, kwa sababu volti ikiwa ndogo mkondo huwa mkubwa. Anayehamia volti 12 anaweza kuziacha nyaya hizo zilivyo. Kinachomlazimu kubadilisha ni balbu, koili, chaji na redio. Hayo yote hufunguliwa kwa bisibisi na kurudishwa.

Jambo la mwisho ni betri za lithiamu. Zinapokea mkondo mkubwa mno kwa muda mrefu, na oltaneta ya zamani, yaani mtambo wa injini unaochaji betri, haijui kujizuia, hivyo hujichosha mpaka inaungua. Wekeni chaja ya kati inayopunguza mkondo kati ya betri ya gari na betri ya nyumba. Nimebadilisha oltaneta nyingi kwa kosa hili moja.

#3 – Mhifadhi

Mimi nasimama mbali kidogo na nyote wawili. Mnazungumza kana kwamba kuna kambi mbili, ya kuhifadhi na ya kufanya kuwa ya kisasa, na kwamba anayepaka gari rangi upya, akanyoosha bati na kung'arisha kromu yumo katika kambi ya kwanza. Hayumo. Gari la miaka ya 1950 lililopakwa rangi ya leo ya tabaka mbili, iliyochanganywa na kigumu na kufunikwa vanishi, limefanywa la kisasa sawasawa na lililowekewa redio mpya, tofauti ikiwa ni kwamba redio inaweza kung'olewa. Rangi ya kiwandani ikishakwanguliwa imekwenda, na pamoja nayo zimekwenda alama za bunduki ya rangi, sehemu ambazo mfanyakazi alipita haraka, na nyufa nyembamba zinazotueleza rangi ile ilichanganywaje. Nimeona magari yaliyorejeshwa yenye milango inayokaa sawa kuliko kiwanda chenyewe kilivyopata kuweza. Hizo ni kazi nzuri za mikono, lakini ni kazi za leo.

Hata mashindano ya urembo wa magari ya kale yameanza kulielewa hili. Pebble Beach Concours d'Elegance huko California hufanyika tangu mwaka 1950, na kwa miongo mingi tuzo kuu iliendea magari yaliyorejeshwa mpaka yakang'aa kama vyombo vya arusi. Mwaka 2024, kwa mara ya kwanza, ilichukuliwa na gari lililohifadhiwa lilivyo, Bugatti Type 59 ya mwaka 1934, likiwa na rangi yake iliyochakaa.

Hata hivyo uhifadhi hauna maana ya kutojua. Citroën DS ya mwaka 1955 ilitumia mafuta mekundu ya haidroli, yale yanayoendesha springi na breki zake kwa shinikizo, na kuanzia mwishoni mwa mwaka 1966 kampuni ikahamia mafuta ya kijani yatokanayo na madini, yaitwayo LHM. Sili za mfumo mmoja huharibiwa na mafuta ya mfumo mwingine. Mtu anayemwaga LHM katika gari la mekundu kwa sababu «ni bora na ya kisasa» huliua gari. Lakini naye anayeshikilia mekundu katika gari la kijani kwa sababu alisikia kwamba ndiyo ya asili hulimaliza vile vile. Kabla ya kuchagua upande, mtu alijue gari lake ni la mwezi gani.

#4 – Msafiri na Watoto

Wakuu, nasoma kwa makini, ila nataka kuwauliza swali la mtu ambaye huwa ndani ya gari hili wiki sita kwa mwaka na watoto wawili. Gari la maonyesho likiwa na viti vya asili hakuna anayeumia. Gari-nyumba ni jambo jingine. Benchi za pembeni ambazo abiria hukaa ubavu hazikuwekewa mikanda, na hata zingewekewa, mkanda wa kiunoni peke yake kwa mtoto aliyekaa ubavu si kinga. Volvo ilileta mkanda wa pointi tatu mwaka 1959, na bado magari-nyumba mengi ya miaka ya 1970 yaliuzwa bila huo nyuma. Je, hapa nako nisitoboe?

Halafu kuna mambo yasiyopigwa picha. Sponji ya godoro ya miaka 50 imekuwa unga unaonuka, na sponji za wakati ule hushika moto upesi. Friji ya gesi, ile isiyo na kompresa, inataka gari lisimame sawasawa ndipo ipoze, na bomba lake la moshi likiwa na kutu hewa chafu hurudi tulikolala. Pedi za breki za zamani huweza kuwa na asbesto. Sitaki kuonekana adui wa mambo ya kale. Makabati yangu ni yale yale na nayapenda. Lakini nikisikia mtu anasema «acha kila kitu», huwa najiuliza kama amewahi kulala humo na mvua inanyesha.

#5 – Mwanzisha uzi

Nashukuru sana kwa michango hii. Nianze na dada Msafiri, kwa sababu amenibana mahali ambapo kanuni yangu imevunjika.

Ndiyo, nimetoboa. Nyuma ya benchi la Kombi nilitoboa matundu mawili, nikachomelea mabati mazito ya kusambaza nguvu chini ya sakafu, nikafunga mkanda wa pointi tatu kwa ajili ya mwanangu. Nilikaa na drili mkononi kitambo, najicheka mwenyewe. Lakini mkanda uliofungwa katika bati jembamba ili kukwepa tundu ungekuwa pambo, na katika orodha yangu ya vitu vinavyolindwa mtoto yuko juu ya kabati. Kwa hiyo kanuni naisema upya: tundu hutobolewa pale ambapo uhai unalitaka, na liandikwe. Kwa spika halitobolewi.

Kuhusu godoro, nilichofanya ni kufumua mshono wa kitambaa upande wa chini, kutoa sponji iliyokufa na kuingiza mpya iliyokatwa kwa unene ule ule, kisha kushona. Unene ni jambo la kuangaliwa, kwa sababu kitanda cha Westfalia hukunjwa, na sponji ikizidi hata sentimita mbili bawaba hubeba mzigo ambao hazikuumbiwa na baada ya msimu mmoja zinang'oka na skrubu zake. Watu hulaumu bawaba, wakati mwenye kosa ni sponji.

Friji yangu ya gesi nimeitoa na kuihifadhi. Mahali pake imekaa ya kompresa ya volti 12, nyuma ya mlango ule ule wa kabati, ikining'inia kwenye fremu niliyoifunga katika matundu ya friji ya zamani. Betri ya nyumba nimeweka ya lithiamu, na hapa ndipo nataka kuwashauri wapenzi wa uasili wasiwe wagumu, kwa maana betri ya risasi ya saa-ampea 100 hukaribia kilo 30, na ya lithiamu yenye uwezo huo haifiki hata nusu ya uzito huo. Injini yangu ina nguvu ya farasi zipatazo 50 na inavuta nyumba. Tenki la maji la lita 60 likijaa ni kilo 60 papo hapo. Magari-nyumba mengi ya kale huharibikiwa breki na mashina ya magurudumu kwa sababu ya marumaru za plastiki, makabati ya mbao nzito na mapambo ya wenye gari wapya, kisha lawama inaangukia ufundi wa zamani. Wale waliochora samani hizi walitumia mbao nyembamba zilizobanwa kwa sababu walikuwa wamepiga hesabu, na hesabu hiyo nayo ni sehemu ya uasili.

Fundi Umeme, nakubali kusahihishwa. Nikisema injini ije nyuma, sina maana iachwe iwake moto. Nina maana kwamba injini ndiyo sehemu inayoweza kuvumilia kubadilishwa. Mipira, vitako vya vali, hata mfumo wa kielektroniki wa kutoa cheche mahali pa pointi za zamani, vyote fanyeni, na distribyuta ya zamani wekeni ndani ya boksi.

#6 – Betri Kubwa

Na injini nzima ikitoka, ikaingia mota ya umeme? Ikiwa injini ndiyo inayovumilia, basi kwa hoja yako mwenyewe hilo linaruhusiwa. Jaguar yenyewe ilionyesha E-Type ya umeme mwaka 2017. Aston Martin mwaka 2018 ikaonyesha DB6 yenye mfumo wa umeme unaokaa kwenye vishikio vile vile vya injini na geaboksi, ili mwenye gari aweze kurudisha vya zamani akitaka. Ufaransa mwaka 2020 ikaweka kanuni zinazoruhusu magari yenye zaidi ya miaka mitano kubadilishwa kuwa ya umeme kisheria.

#7 – Mwanzisha uzi

Hoja yako ina nguvu, na kwa gari dogo la abiria wawili sina ugomvi nayo mradi injini ihifadhiwe. FIVA mwaka 2019 ilikataa kuunga mkono ubadilishaji huo, ikasema gari la namna hiyo haliwezi kuendelea kuitwa la kihistoria, lakini hapo hapo ikawashauri wanaofanya hivyo wahakikishe linaweza kurudishwa na kwamba sehemu zote za asili zimewekewa alama na kutunzwa salama. Huo ni uungwana.

Katika gari-nyumba tatizo ni nafasi. Chumba cha injini ya Kombi hakitoshi betri za kukufikisha mbali, hivyo zitatafuta mahali pengine, na mahali penyewe ni chini ya kitanda na ndani ya makabati. Tunarudi kule kule nilikoanzia: ili tuwe na umeme tunang'oa nyumba. Kama siku moja betri zitaingia chini ya sakafu bila kukata boriti hata moja, nitakuja kuandika hapa kwamba nimebadili msimamo.

#8 – Msoma Sheria

Nyongeza fupi kwa wanaoishi penye sheria za magari ya kale. Ujerumani tangu mwaka 1997 hutoa namba yenye herufi H kwa gari lililofikisha miaka 30 likiwa katika hali inayokaribia ya asili. Uingereza tangu Mei 2018 husamehe ukaguzi wa kila mwaka kwa magari yaliyozidi miaka 40, isipokuwa yale yaliyofanyiwa mabadiliko makubwa katika miaka 30 iliyopita. Kwa hiyo swali la uzi huu huweza kuamua hadhi ya gari lako mbele ya sheria, na picha za kabla na baada ya kazi zina thamani kuliko maelezo ya mdomo. Tunzeni na risiti.

#9 – Mgeni wa Mambo Haya

Habari zenu wakuu. Nimerithi kwa mjomba wangu gari-nyumba la miaka ya 1960, bodi ya alumini juu ya fremu ya mbao. Kona ya nyuma imeoza, mbao zinatoka kama mkate uliolowa, na mlango wa kabati moja haufungi. Kila ninayemuuliza ananiambia nivue kila kitu ndani nianze upya. Nianzie wapi?

#10 – Mhifadhi

Mdogo wangu, anzia kwa kutofanya lolote kwa wiki moja. Piga picha kila kona, milango ikiwa wazi na ikiwa imefungwa, pima kila pengo. Kisha tafuta maji yanakoingilia, kwa sababu mara nyingi tundu liko mita moja juu ya pale ulipoona uozo, pengine kwenye mpira wa dirisha au kwenye skrubu ya ukingo wa paa. Penye skrubu za chuma ndani ya alumini tazama unga mweupe. Metali hizo mbili zikikaa pamoja penye unyevu alumini huliwa.

#11 – Mwanzisha uzi

Kwa makabati, yatoe mazima, kila kipande ukiandike namba kwa nyuma kwenye utepe wa karatasi. Mbao zilizooza usizitupe mpaka mpya ziwe zimekwisha fungwa, maana ndizo kigezo chako cha kukatia. Unene wa mbao mpya ulingane na wa zamani kwa milimita, kwani mpira wa dirisha hukaa juu ya unene huo na ukikosea utavuja tena. Mlango usiofunga usiurande. Fremu ikirudi sawa, huenda nao ukafunga wenyewe.

#12 – Mgeni wa Mambo Haya

Nimefanya kama mlivyoniambia, na mlango umefunga bila kuguswa. Nyuma ya kabati la tatu nimekuta namba na mishale imeandikwa kwa penseli, nadhani na aliyelifunga kiwandani. Nilitaka kupaka vanishi upande huo ili mbao isinywe unyevu tena. Nipake?

#13 – Mhifadhi

Paka kandokando, uache kiganja kimoja kuzunguka maandishi. Brashi yenye vanishi huondoka na penseli.